Mawe Sita ya Ukingo

Nyambura,

Umetoka sasa hivi kwenda mjini kusukwa, na yule msusi wako hajawahi kumwachilia mtu kabla ya saa kumi na moja. Basi nina saa kama nne. Nimeifunika cherehani, nimechomoa karatasi za kukatia patani, na nimekaa kwenye meza ya jikoni mahali ninapoliona geti. Ukirudi mapema nitaikalia barua hii kama kuku anayeatamia.

Sitakukumbusha kufunga gesi, wala kushika simu vizuri ukishuka stejini. Hayo baba yako amekuambia mara tatu tangu asubuhi, na mara ya tatu ulimjibu "Dad, tulia," chai ikiwa bado mdomoni. Tena Ruiru si Marekani. Nikipanda gari hapa Ngoingwa, kabla sijamaliza kubishana na kondakta nimefika. Sasa mbona juzi nilijifungia bafuni, nikafungulia bomba, nikalia mpaka mkadhani nafua?

Nililia kwa wivu. Naliandika neno hilo mapema kabla sijalitafutia nguo nzuri ya kulivisha. Ungekuwa unaenda kupanga chumba chako na kulala juu ya godoro sakafuni kama wenzako, ningelia kidogo nikanyamaza. Lakini unaenda kuishi kwa cucu yako, mama ya baba yako. Kesho kutwa jioni yeye ndiye atakayekuuliza ulivyopokelewa huko kwenye kazi ya kabro, ya kupanga matofali ya njia. Yeye ndiye atakayeona vidole vyako vimechubuliwa na simenti, na atavipaka mafuta. Na wewe wiki nzima umekuwa ukiimba ukipanga nguo, hata ukaimba ukifua soksi.

Kuna jambo la pili, na hilo ndilo lililonikalisha hapa. Unaondoka na kosa ambalo si lako. Umelibeba tangu ukiwa na miaka kumi na mitatu, na mwenye kosa ni mimi. Barua hii nitaitia kwenye begi chini ya sweta ya kijani. Usiisome kwenye gari. Fika kwanza, vua viatu, msalimie cucu, ndipo uifungue.

Nianze na jina lako, maana wivu wangu ulianzia hapo. Desturi yetu unaijua: binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Hakuna anayeuliza. Ulipozaliwa, kabla hata sijakuona vizuri usoni, nilimsikia baba yako nje ya wodi akimpigia mama yake simu. "Mami, umezaliwa!" Si "amezaliwa." Umezaliwa! Nami nimelala pale nimeshonwa nyuzi saba, na mimi ni fundi wa nguo, kuhesabu nyuzi najua. Nilikuwa nimemzaa mama mkwe wangu.

Nikajiambia sawa, zamu ya kwetu inakuja. Mama yangu Wairimu alikuwa mzima wakati huo, nami nilikuwa mtoto wake wa pekee. Kila Krismasi aliniuliza kwa mzaha wake, "Na mimi nitazaliwa lini?" Unajua kulikuwa na wawili baada yako ambao hawakufika. Baada ya huyo wa pili daktari alituambia tusijaribu tena. Mwaka uliofuata mama yangu akafa kabla hajazaliwa, na mpaka leo hakuna mtoto popote anayeitwa kwa ajili yake.

Wewe hukuwa na kosa, lakini nyumba yangu ilijaa Nyambura. Baba yako alikuita "maitu," mama yangu, ukiwa bado unajikojolea. Maitu njoo tule. Maitu amelala? Nami kanisani, sokoni, kwa majirani, nikawa Mama Nyambura. Ndivyo wanawake wote wanavyoitwa, kwa majina ya watoto wao, na wengi hulifurahia jambo hilo. Mimi kila nilipoitwa hivyo nilimsikia mama mkwe. Kule dukani niliwazoesha wateja waniite Mama Mashine. Ulidhani ni kwa sababu ya cherehani.

Sasa nikuambie siri ambayo hata baba yako haijui. Ulipokuwa mchanga, tukiwa wawili tu ninakunyonyesha, nilikuita Wairimu. "Wairimu, nyonya. Wairimu, usiniume." Ilikuwa raha yangu ya wizi. Siku moja nikainua macho nikamkuta cucu yako amesimama mlangoni na kikombe cha uji, ule aliokuwa akija kunipikia mimi. Alikuwa amesikia. Akauweka uji juu ya stuli, akatoka, akaurudisha mlango polepole usije ukaamka. Hajawahi kulitaja jambo hilo hadi leo, wala kwa mwanawe. Ungedhani ningemshukuru. Nilimchukia, kwa sababu alijua kunyamaza vizuri kuliko ninavyojua kusema.

Halafu guka yako akafariki, na cucu, sasa mjane, akaja kuishi nasi hapa. Ukawa mwaka ule shule zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa. Mimi nilikuwa mjini alfajiri hadi jioni nikishona barakoa, baba yako yuko kazini, na nyinyi Nyambura wawili mnabaki na shamba lile la nyuma. Unakumbuka lilivyokuwa mvua ikinyesha: udongo mweusi, na kutoka geti mpaka mlango wa jikoni mtu alifika kila kiatu kimebeba kilo mbili. Jirani alipobomoa jiko lake la zamani akatoa matofali bure, na sisi tulikuwa na vipande vya mawe vilivyobaki tulipojenga. Cucu akaviangalia vile vipande siku mbili. Usichana wake wote aliumalizia kwenye kwari kule upande wa Juja akipasua kokoto kwa nyundo, na jiwe akilishika analijua kama mimi ninavyojua kitambaa.

Jumatatu nikarudi nikakuta kamba imefungwa kwenye vigingi, shimo refu limechimbwa, na wewe una matope mpaka kwenye nyusi.

"Mum, simama! Usikanyage hapo!"

"Kwani ni keki?"

"Cucu amesema lazima tutoe hii black cotton yote hadi tupate murram, ile udongo ngumu ya chini, sababu hii ikinyeshewa inafura, ikikauka inapasuka, inarusha matofali."

"Na Cucu amesema nani atafua hiyo suruali?"

Ulicheka. Cucu naye akacheka, meno yake yale machache, na nikaingia ndani nikakoroga ugali kwa hasira mpaka mwiko ukavunjika. Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, ndivyo leso zinavyosema. Mimi sikukonda. Nilikula ule ugali wote.

Nilidhani mtachoka. Hamkuchoka. Kila jioni kijia kilikuwa kimerefuka hatua mbili tatu, kokoto chini, zimeshindiliwa kwa gogo, mchanga juu, kisha matofali yamelala kwa mshazari na mawe bapa katikati yake. Mlikuwa na chupa ya soda yenye maji nusu, mnailaza juu ya ubao kupima kama njia imeinama kidogo upande mmoja ili maji yateremke. Kila jioni nilifundishwa kitu na mtoto wangu, na kila kitu kilianza na "Cucu amesema." Siku moja nilisimama dirishani nikamsikia akikufundisha ukingo, pale kijia kinapopinda kuuzunguka mti wa mvokado.

"Hii jiwe ya pembeni ndio mwenye nyumba," alikuambia. "Wewe zika yeye zaidi ya nusu. Akisimama juu-juu, matofali yote itaenda safari."

"Hata kama imekaa poa hivi?"

"Hata kama imependeza. Zika."

Nililishika neno hilo kuliko ulivyolishika wewe. Na kwa sababu yeye mkono wake wa kulia ulikuwa unauma siku hiyo, mawe sita ya pindo lile uliyapiga wewe mwenyewe, yeye ameketi kwenye debe akikuhesabia mapigo. Ulikuja kunionyesha malengelenge. Nikakuambia ukanawe.

Juma lililofuata ukavunja ungo. Mimi nilikuja kujua baada ya siku tatu, tena nikiwa nafungua kabati, nikaona kitambaa cha leso ya cucu kimekatwa vizuri na kufuliwa. Nilipokuuliza ukaniambia bila kuniangalia, "Cucu alinisaidia, Mum. Wewe ulikuwa job." Ulikuwa unasema ukweli. Nilikuwa nashona barakoa za watoto wa watu, na lile ambalo mama husubiri miaka kumi na mitatu lilinipita kwenye shamba langu mwenyewe, likapokewa na mwanamke mwingine, na lilipokewa vizuri.

Jumamosi hiyo baba yako aliwapeleka wewe na cucu kliniki ya presha. Nikabaki peke yangu. Nikachukua jembe.

Sitalipamba. Nilikwenda kwenye pindo la mvokado nikayang'oa yale mawe sita ya ukingo. Ilichukua robo saa. Nilitaka kuyatupa kule nyuma ya choo, lakini nilipoyaona yamelala pale, tope limeyashika mpaka juu ya nusu jinsi ulivyoyazika, nikaogopa. Nikayarudisha. Ila sikuyazika. Nilijaza mashimo udongo ule mweusi, nikayasimamisha juu yake, yakaingia kina cha kidole tu, nikalaza nyasi pembeni kuficha. Ungepita hapo usingejua. Wewe mwenyewe ulipita jioni ile ukarukaruka juu yake kwa furaha, na mimi nimesimama jikoni nikikutazama.

Sikutaka mtu aumie. Nilitaka pindo lilegee kidogo. Nilitaka uje jikoni siku moja useme, "Kumbe Cucu hajui kila kitu." Neno hilo tu nilitaka, halafu ningekukumbatia.

Mvua za vuli ndizo zilizokuja kusema. Ilikuwa Alhamisi, asubuhi, na mimi nilikuwa nyumbani. Cucu alikuwa anatoka kwenye kamba ya nguo na beseni kichwani. Nilisikia beseni kwanza. Tulipofika, pindo lote lilikuwa limefunguka, matofali yameteleza kwenda bondeni, na yeye amekaa katikati ya tope na nguo safi, mkono wa kulia umepindia mahali ambapo mkono haupindi.

Wewe ndiwe uliyepiga kelele. "Ni mimi! Ni mimi nilipiga hizo mawe! Cucu alikuwa amechoka akaniachia!"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Kinywa changu kilikuwa wazi. Na kikasema, "Si niliwaambia hiyo ni kazi ya mafundi?" Mimi ambaye sikuwa nimewaambia lolote.

Cucu hakulia. Alinyoosha mkono wa kushoto akalichukua jiwe moja lililolala karibu naye, akaligeuza. Nilikiona alichokiona. Tope lilikuwa limeshika kidole kimoja tu upande wa chini, na juu yake kivuli cha tope la zamani, lile la mwanzo, likipita nusu. Mtu aliyeshika mawe maisha yake yote. Akaliangalia, akalirudisha chini. Kisha akasema taratibu, kwa ajili yako, "Wacha kulia, mtoto wakwa. Ni mikono yangu imezeeka."

Miaka hii yote sijui kama alijua. Nikiamka vizuri najiambia hakujua, macho yake yalikuwa na maumivu. Lakini nakumbuka mlango ule alivyourudisha polepole na kikombe cha uji, na ninajua ni mtu wa namna gani. Ikiwa hakujua, basi nilimfanya mwanamke hodari aamini mikono yake imemsaliti. Ikiwa alijua, basi aliuchukua uongo wangu akauvaa yeye ili wewe usimchukie mama yako. Kati ya hayo mawili sijui lipi baya zaidi kwangu.

Baba yako mdogo alikuja na pikapu akamchukua aende kukaa kwake Ruiru, kwa kuwa kule ua wote umewekwa simenti na hakuna mahali pa kuteleza. Plasta ya mkono ilipotolewa walimletea mimea ya kupanda kwenye mikebe, akasema hawezi. Yeye, hawezi kujaza udongo kwenye mkebe! Na mimi nikapata nilichotaka. Nikabaki na wewe peke yangu. Ulikuwa unaosha vyombo bila kutumwa, unanijibu kwa adabu, unalala mapema. Ulikuwa umenunia dunia nzima kwa heshima, na kijia tukakiacha kikaota nyasi.

Ungedhani mtoto aliyepatwa na hayo atakimbia mawe. Wewe ukaenda kuyasomea. Lakini nimekuona. Unapiga jiwe, unarudi, unalipiga tena, halafu unalala huna usingizi. Mwaka jana mwalimu wako wa chuo cha ufundi alinipigia simu akaniambia, "Mama, huyu msichana wako ana mkono mzuri sana, lakini anabomoa kazi ambayo iko sawa. Anaogopa nini?" Nikamjibu wewe ni mwangalifu tangu utotoni. Nilisema hivyo, Nyambura. Nilikuwa na simu mkononi na jibu mdomoni, nikamdanganya mtu ambaye angeweza kukusaidia.

Jumatatu iliyopita ulinikuta nimepiga magoti kwenye pindo la mvokado.

"Mum, unafanya nini na jembe yangu?"

"Natafuta sindano."

Ulisonya ukaenda zako. Nilikuwa naogopa ungebaki unisaidie. Nimeutoa udongo mweusi wote kwa mikono yangu, mpaka kwenye murram. Nimemwaga kokoto nikazishindilia kwa lile gogo lenu, lilikuwa bado liko nyuma ya tangi. Nimetafuta chupa ya soda. Mara mbili nilipima vibaya, maji yakasimama katikati kama yananicheka. Matofali yangu hayajalala sawa kama yenu, na wewe uliyesomea utakuwa umeliona kosa langu la kwanza kabla hujafika getini, tafadhali usiniambie. Lakini mawe sita nimeyazika zaidi ya nusu. Kuyang'oa ilikuwa robo saa, kuyazika imenichukua siku nne, na kiganja cha mkono wangu wa cherehani kimevimba hata uzi siwezi kuupitisha. Kwa hiyo sasa unajua kwa nini gauni la Mama Otieno halijaisha.

Nilipokuwa pale chini ndipo nilipoelewa ulichokuwa ukinionyesha jioni zile zote. Ulikuwa unaniita, nami nikafikiri unanitambia. Ulikuwa unasema njoo uone, na palikuwa na debe la pili la kukalia. Nimelikuta bado lipo, limeshika kutu. Mlikuwa mmeniwekea. Sijui kwa nini sikuliona, ama niliona nikadhani ni la mchanga.

Sasa nisikilize vizuri, maana natazama saa na inakaribia kumi. Mawe uliyoyapiga ukiwa na miaka kumi na mitatu yalikuwa yameshika. Niliyang'oa kwa jembe, na mawili ya kwanza nusura yanishinde nguvu. Kazi yako ilikuwa nzuri. Cucu alianguka kwa sababu yangu. Kesho kutwa ukianza huko kazini, ukipiga jiwe likakaa, liache. Songa mbele kwa lingine.

Usifikiri nimepona. Nimeandika kurasa hizi zote na bado nina wivu. Nitakuwa na wivu kesho asubuhi ukipita kwenye pindo la mvokado na begi lako ukielekea kwake, na nitakuwa na wivu jioni nikihesabu sahani. Tofauti ni kwamba safari hii sitachukua jembe.

Ninakuomba jambo moja. Cucu macho yake hayasomi tena, na najua utakapoifungua barua hii atakuwa ameketi hapo mbele yako anakuuliza Mama Mashine anasemaje. Rudi mwanzo. Msomee kwa sauti, yote, na kile asichokielewa kwa Kiswahili mwambie kwa Kikuyu. Usiruke mahali ili kunisitiri, wala usilainishe sauti yako. Ukifika pale pa uji na jina la mama yangu, simama kidogo. Ukifika pale pa jiwe, mpe muda, usimharakishe, mwangalie usoni. Nitakuwa huku nikikuonea wivu kwa kuwa wewe ndiwe utakayeuona uso wake, na mimi ndiye niliyestahili kuwa hapo.

Halafu umwambie kwamba ncha ya kijia, pale kwenye mlango wa jikoni, nimeiacha wazi. Pamebaki nafasi ya hatua moja. Nina jiwe bapa zuri lakini sijui upi ni upande wake wa juu, na sitaki kumwuliza mtu mwingine. Akija, debe lake lipo. Asipokuja, ana haki, na nitavuka matope.

Ninaliona geti linatikisika. Ni wewe, na nywele zimekupendeza.

Wako,
Mama Nyambura